Ng'ombe za Eli

Mwalimu Yeremia amekufa, na mimi ndiye niliyeombwa kusoma Neno kwenye maziko yake. Binti yake alikuja kwangu juzi asubuhi, kitambaa cheusi kichwani, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akalia kidogo, kisha akasema: "Maman, kwa bazee ya kanisa ya zamani, tumebakia paka na weye tu. Papa angefurahi sana." Papa angefurahi! Nilitaka kucheka, lakini mbele ya mfiwa hakuchekwi, hata kama marehemu alikutafuna mbichi. Nikamuuliza kama wameshachagua somo. Akasema hapana, utachagua mwenyewe, Maman, sisi tunakuaminia. Mungu wangu, nikasema moyoni, kumbe bado unanikumbuka. Nikampa chai, nikamsindikiza mpaka barabarani, halafu nikarudi ndani na kuishusha Biblia yangu kutoka juu ya kabati. Sikuhitaji kutafuta ukurasa. Ukurasa ule unajifungua wenyewe, kwa jinsi nilivyoukanyaga kwa vidole mwaka ule.

Watu wakisimulia maisha yao huanza na mababu. Mimi sitaanza na mababu, kwa sababu mababu ndio waliogombewa. Nitaanza na nyumba yetu ya mtaa wa Kadutu, miaka michache kabla ya dipanda, ule uhuru wetu, wakati mimi ni msichana wa kuchumbiwa. Vyumba viwili vya matofali mabichi, mabati juu, na mlango wa nyuma unaotazama bonde, na ng'ambo ya bonde Ibanda ya wazungu na nyumba zao nyeupe zilizoingia ziwani. Huko ndiko alikokuwa anapika papa Bisimwa. Jioni alirudi na mabaki ya mkate kwenye karatasi ya gazeti, mkate unanuka siagi, na mama akauweka pembeni kwanza, kwa kuwa kwake chakula kilikuwa bugali na sombe ya majani ya muhogo, au ndagala, dagaa wa Uvira, zikipatikana, na mkate ulikuwa kitu cha kuchezea meno. Tulikula watatu, kwenye sahani moja. Huyo papa Bisimwa ndiye aliyenizaa. Lakini baba yangu ni Birindwa. Ukiona hapo kuna shida, basi wewe ni jamaa ya Mwalimu Yeremia.

Nitaeleza mara moja tu. Birindwa alimwoa mama kwa ng'ombe zilizotoka kwenye zizi la baba yake, kule Mumosho. Akaenda kuchimba zahabu upande wa Mwenga, udongo ukamfunika kabla hajapata mtoto. Wazee wakakaa, wakamwambia mdogo wake, Bisimwa, amchukue yule mjane, amzalie kaka yake mtoto. Bisimwa akamchukua. Nilipozaliwa, Bisimwa mwenyewe ndiye aliyetoka nje kuwaambia watu: "Mutoto ya kaka yangu amefika." Kwetu Bashi mtoto wa kike hubeba jina la baba yake, linatanguliwa na M', na mimi nikaitwa Nsimire M'Birindwa. Tangu nianze kuongea nilimwita Bisimwa papa mudogo, naye aliitika kwa furaha. Hakuna aliyeona ajabu. Ng'ombe zilikuwa za Birindwa, mtoto ni wa Birindwa.

Mwaka ule nikachumbiwa na Etienne, fundi wa magari, kijana wa kanisani kwetu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hata siku za kazi. Kanisa letu lilikuwa la Waprotestanti, dogo, madirisha hayana vioo, mabenchi hayana migongo, wanaume kulia, wanawake kushoto. Mwalimu Yeremia alilitawala kama shamba lake. Alikuwa na sauti nzuri, ndiyo, sitamnyima alichokuwa nacho, na kanzu ya kaki iliyonyooka. Jumapili ya kutangaza uchumba wetu akasoma jina la Etienne na la baba yake, halafu akasoma langu, akasimama. Akaniita mbele. "Birindwa alikufa wakati gani?" Nikamwambia, kabla sijazaliwa. "Kabla kiasi gani?" Mama, masikini, ambaye hakujua kusema uongo, akajibu kutoka kwenye benchi kwamba alikuwa amekaa ujane muda mrefu. Yeremia akafunga kitabu. Akatabasamu. Hilo tabasamu ndilo nililomdai maisha yangu yote. "Wapendwa," akasema, "mufu hazalaki. Kama mufu hazalaki, huyu mutoto haiko M'Birindwa. Ni mutoto ya zambi, na jina yake ni ya bongo, ni uongo." Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja, na wengi wao nimeshawazika.

Baadaye alituita nyumbani kwake, chumba chenye picha ya mfalme wa Wabelgiji na meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Hakutupa hata maji. Akasema ndoa itaendelea, yeye si mtu mbaya, ila kwa masharti. Niandikwe binti wa Bisimwa. Na mama asimame mbele ya kanisa, atubu kwamba alizaa katika uzinzi, kisha akae benchi la nyuma, la watu wa adhabu, mpaka atakapoambiwa. Mama aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa imeshika kitenge chake magotini, na niliona inatetemeka, mama yangu ambaye sikuwahi kumwona anatetemeka hata kwa homa. Tulipotoka nje nikamgeukia Etienne, nikingoja aseme neno la mwanaume. Akatazama viatu vyake. "Nsimire, sema tu Bisimwa," akasema. "Ni jina tu. Inakukula nini?" Ni jina tu! Nilimtazama yule mtu na pasi yake, nikahisi kitu kinanitoka rohoni, na hakikurudi tena.

Usiku ule hatukula mkate wala bugali. Papa Bisimwa alisikia habari zote akiwa amesimama mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi. Alikuwa mpole, na upole wake ulinichoma zaidi. "Mama Nsimire," akamwambia mama, "kama ni vile, mi nitakubali. Aandike jina yangu. Mutoto aolewe." Mama akamjibu taratibu, bila hasira: "Na kaka yako? Aliacha nini kwa dunia? Hakuacha nyumba, hakuacha kaburi, udongo ilimumeza. Aliacha huyu tu. Ukimutoa huyu kwa jina yake, Birindwa anakufa mara ya pili, na mara hii njo sisi tunamuua." Bisimwa akaketi, akafunika uso kwa kofia. Hapo ndipo nilipojua kinachogombewa. Harusi ilikuwa kitu kidogo. Mtu mzima, mwenye ng'ombe zake na jina lake, alikuwa anatakiwa kufutwa kwa tabasamu, na mama yangu apakwe tope ili kazi ya kufuta iwe safi. Niliapa palepale, nimeegemea ukuta, kwamba Yeremia atalirudisha lile jina kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya walewale waliocheka. Watu hupenda kusema kisasi ni cha Mungu. Sawa. Lakini mwaka ule Mungu alinituma mimi.

Silaha niliipata mahali ambapo sikuitafuta. Jirani yetu alikuwa Bi Zuhura, mke wa Mzee Salumu muuza vitambaa, Waislamu waliotoka Uvira, na mababu zao walitoka pwani. Kwa kuwa sasa wasichana wa kanisa walinikwepa, nilishinda kwa Bi Zuhura nikimsaidia kukanda unga wa mandazi. Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia, mikono kwenye unga, na Mzee Salumu barazani alikuwa anamchokoza papa Bisimwa juu ya chai. Walikuwa marafiki, kuchokozana ndio ilikuwa sukari yao. "Bisimwa bwana, Injili zenu zinagombana," akasema. "Yule wa kwanza, Mathayo, asema babake Yusufu ni Yakobo. Luka asema ni Eli. Mtu mmoja, baba wawili! Waulize walimu wako nani kati yao kaongopa." Papa Bisimwa akanywa chai yake, akasema hayo ni mambo ya wasomi. Lakini mimi nilikuwa nimeacha kukanda. Bi Zuhura akanitazama. "Wewe, mbona unacheka peke yako? Unga unakutekenya?" Nikamwambia ndiyo, Bi Zuhura, unanitekenya.

Nilikwenda nyumbani, nikafungua kitabu. Ilikuwa kweli. Mathayo anashuka kutoka kwa Daudi kwa njia ya Sulemani, anafika kwa Matani, kwa Yakobo, kwa Yusufu. Luka anapita kwa mwana mwingine wa Daudi, Nathani, anafika kwa Mathati, kwa Eli, kwa Yusufu yuleyule, mume wa Mariamu yuleyule. Nikamsomea mama, ambaye alikuwa anachagua maharagi kwenye ungo. Hakuinua hata kichwa. "Eli alikufa mbele ya kuzaa?" akauliza. Nikasema kitabu hakisemi. "Alikufa," akasema. "Yakobo njo ndugu yake. Alichukua mujane. Ng'ombe zilikuwa za Eli. Sasa unashangaa nini?" Nikamwambia, lakini mama, baba zao ni tofauti, mmoja Matani, mwingine Mathati. Akatupa jiwe dogo nje ya ungo, akafikiri. "Basi mama yao iko moja. Bwana yake ya kwanza alikufa, akaolewa kwa mwingine. Ile hujaiona hapa Kadutu?" Kisha nikacheka mpaka machozi, na mama akaniangalia kwa wasiwasi, kwa kuwa alinijua. "Nsimire, usifanye nayo kitu. Ile kitabu haiko panga." Mama yangu alikuwa mtu mwema. Mimi nilikuwa mtoto wa Birindwa, na sikuwa na habari ya wema.

Nilisoma kama mtu anayenoa. Nikakuta sheria ya Musa, kwamba ndugu akifa bila mtoto, nduguye amtwae mjane, na mzaliwa wa kwanza asimame kwa jina la marehemu, lisifutike. Lisifutike! Nilipofika hapo nilikibusu kitabu. Nikakuta hadithi ya Ruthu na Boazi, babu wa Daudi, na yule jamaa wa karibu zaidi aliyekataa kumwoa mjane, akavua kiatu chake mbele ya wazee. Nikakuta hata wale waliomjia Yesu na kisa cha ndugu waliorithiana mwanamke mmoja, na Yesu hakusema ni zambi. Na juu ya yote, Yesu mwenyewe alikuwa ameandikwa kwa ukoo wa Yusufu, ambaye hakumzaa. Kitabu chote kilikuwa kinanyoosha kidole kwa Yeremia, naye alikuwa anakishika mkononi kila Jumapili bila kuona. Nikangoja. Kungoja kulikuwa kutamu. Nilikaa kwenye mabenchi yale kila ibada, nikimsikiliza anavyoimba, nikimhesabia makosa kama mama anavyochagua maharagi. Etienne akanitumia salamu kupitia dada yake: nimeshakubali lile jina? Nikamjibu asubiri, jibu linaiva.

Siku ikafika kabla ya Noeli. Misionere mkubwa alikuja kumpima Yeremia ili awekewe mikono, awe muchungaji. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa nyuma ya kanisa, wanawake wanapika, na harufu ya nyama ikawavuta hata wasiosali nasi. Mzee Salumu alikuwa dirishani, ameegemea viwiko, kofia yake ya kufuma kichwani. Yeremia akahubiri juu ya kuzaliwa kwa Yesu, na alihubiri vizuri, sikatai. Kwa kawaida yetu, baada ya mahubiri watu huuliza. Yeremia alipenda sana sehemu hiyo, alipenda kuonekana anajua. Akanyoosha mikono: "Mwenye swali asimame." Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama. Nikasimama. Nikasikia mama ananivuta kitenge kutoka nyuma, nikakitoa mkononi mwake.

"Mwalimu, papa ya Yusufu ni nani?"

Akaona ni mimi. Akatabasamu tena, lile lile. "Yakobo. Ata mutoto mudogo ya masomo ya primaire anajua ile."

"Luka anaandika ni Eli. Nani kati yao anasema bongo?"

Kelele zikainuka. Misionere akafungua kitabu chake, akasoma, akainua uso. "Swali ni halali," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Mwalimu, mjibu dada." Yeremia akafuta paji la uso. Akasema ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Nikamwambia, na papa yake naye, na babu yake naye, mpaka kwa Daudi, wote wana majina mawili? Mmoja anapita kwa Sulemani, mwingine kwa Nathani. Misionere akatikisa kichwa, jibu hilo halikumridhisha. Yeremia akasema basi Luka anaandika ukoo wa Mariamu. Nikamuomba anionyeshe jina la Mariamu pale. Akageuza kurasa, akageuza tena. Dirishani Mzee Salumu akakohoa, kikohozi cha mtu ambaye hana kifua. Hakuna aliyekuwa ananusa nyama tena. Nilimwacha ageuze kurasa. Nilimwacha atoke jasho mpaka kola ya kaki ikabadilika rangi, na sitasema uongo, sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile.

Ndipo nikamtolea mkono, mkono wenye mwiba. "Mwalimu, mi minauliza tu. Kama Eli alikufa bila mutoto? Na Yakobo, ndugu yake kwa mama moja, akachukua mujane, akamuzalia Eli mutoto, kama sheria ya Musa inasema? Si itakuwa Mathayo anasema kweli na Luka anasema kweli?"

Misionere akapiga goti lake kwa kiganja. "Ndivyo! Hata walimu wa kale wa kanisa walieleza hivyo. Mwalimu, unakubali?"

Yeremia alinitazama, na hapo akaelewa. Niliona macho yake yanavyoelewa. Akikataa, Injili mbili zinagombana mbele ya misionere, mbele ya Mwislamu dirishani, na mikono haiwekwi. Akikubali, amekula maneno yake mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa ameshaingia mpaka shingoni. "Nakubali," akasema chini.

"Basi mbele ya Mungu Yusufu ni mutoto ya nani?"

"Ya... ya Yakobo kwa damu. Ya Eli kwa sheria."

"Na Eli alikuwa mufu?"

"Alikuwa mufu," akasema.

"Na mimi, Mwalimu? Ulisema jina yangu ni ya bongo. Jina yangu ni nani?"

Misionere hakuelewa, akatazama huku na huku. Lakini kanisa lilielewa. Mzee mmoja wa upande wa wanaume akasema kwa sauti, "Mujibu mutoto." Yeremia akashika mimbari. Midomo yake ilisogea kabla sauti haijatoka. "M'Birindwa," akasema. "Kaa chini, M'Birindwa."

Sikukaa. "Rudia, Mwalimu," nikasema. "Bale ba nyuma hawakusikia."

Akarudia. Mama alikuwa analia na kitenge mdomoni. Benchi la watu wa adhabu lilikuwa tupu nyuma yangu, na lilibaki tupu. Misionere akauliza kisa chote, akaelezwa, uso wake ukakunjamana, na mikono haikuwekwa siku ile. Yeremia aliambiwa aendelee kujifunza. Nyama ililiwa hata hivyo, nami nilikula, nikaomba na nyongeza. Etienne alikuja kwetu kabla ya Noeli kuisha, amebeba jogoo, akasema sasa mambo ni sawa, tuoane. Nikamwambia jogoo amwache na yeye aende. Papa Bisimwa alicheka mpaka akashika ukuta. Niliolewa baadaye na mtu mwingine, fundi seremala, ambaye aliponiuliza jina langu alilisema lote tangu siku ya kwanza.

Yeremia alikuja kuwa muchungaji, baada ya miaka, na alizeeka nasi palepale. Tulisalimiana kila Jumapili. Hakuniomba msamaha, wala sikumpa. Wajukuu wangu husema Maman, mambo ya zamani, achilia. Ninawaachilia wao waachilie. Mimi nilimwona mama yangu anatetemeka.

Leo tumemzika. Kanisa lilijaa, vipaza sauti, maua ya kununua, kijana wa programu ameniuliza aandike jina gani, nikamwambia aandike M'Birindwa na asiongeze lingine. Nilitembea mpaka mbele kwa fimbo yangu. Sanduku lilikuwa karibu nami, ningeweza kuligusa. Nikafungua Luka, nikaanza kusoma ukoo wa Bwana wetu, na niliona watu wanatazamana, maana nani husoma majina kwenye msiba? Binti yake alikuwa analia kwa shukrani. Nikafika mahali penyewe. Yusufu, wa Eli. Nikanyamaza, nikaliangalia sanduku. Halafu nikasogeza mdomo kwenye kipaza sauti, nikarudia, polepole, ili asije akasema hakusikia.